Kimya cha Msomaji wa Hadithi

Watungaji wa hadithi hulalamika kwamba husomwa na wengi wala hawajibiwi, nao huwalaumu wasomaji kwa uvivu. Ushairi wakanusha lawama hiyo. Mapema katika karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na Zahidi Mngumi wa Lamu. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya kuulizana na kujibizana. Shairi lilimpa msomaji chombo cha kujibia: vina, mizani na fumbo la kufumbua. Hata ngano ilimwekea msikilizaji nafasi yake: msimulizi aliposema “Paukwa”, yeye aliitikia “Pakawa”. Hadithi ya kuchapwa iliiondoa nafasi hiyo isiweke nyingine. Msomaji aimalizapo hana ila neno “nzuri”, naye huona haya kulitoa peke yake. Na akiona kasoro, huchelea kuitwa mkosefu wa adabu. Basi kimya chake si dharau, lakini hasara yake ni kubwa, kwani mtungaji asiyejibiwa hurudia kosa lile lile. Atakaye jibu asiombe sifa. Na aulize swali.