Hadithi Isiyo na Fundi wa Maabara

Mwanafunzi wa fasihi akipewa andiko lolote huanza kuuliza: nani anasimulia, wahusika ni akina nani, matukio yamepangwa vipi, wakati unakwendaje. Maswali haya hatuyaulizi tunaposoma pendekezo la mradi, kana kwamba karatasi inayoomba pesa haina fani. Inayo, tena ina masharti makali kuliko tarbia ya mizani kumi na sita. Mshairi akikosa vina atachekwa tu, lakini mwandishi wa pendekezo akikosea mpangilio hapati hata shilingi.

Ninayoyachambua hapa ni mapendekezo ya aina moja: yale yanayoomba ruzuku ya kuanzisha mazoezi mapya ya maabara kwa wanafunzi wa biolojia wa shahada ya kwanza. Ni utanzu adimu. Huku kwetu Mountain View, jijini Nairobi, barabara ya Waiyaki inatuweka katikati ya vituo vikubwa vya sayansi ya viumbe. Upande wa mjini kuna Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia biolojia. Ukitoka huko mjini na kupita Kangemi unafika Kabete ya Juu, kwa watu wa mifugo na kilimo, na mbele kidogo, Uthiru, ipo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoundwa mwaka 1994. Pesa za utafiti zina njia zake kwenye barabara hii. Zina hata sheria: ile ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, iliyoanzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuagiza itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, agizo ambalo mpaka leo limebaki kwenye karatasi. Pesa za kufundishia hazina njia kama hizo. Mhadhiri anayetaka wanafunzi wake waone seli za ncha ya mzizi wa kitunguu zikigawanyika, wazione kwa macho yao na si kwenye slaidi ya projekta, aghalabu hana mlango wake wa kubisha. Basi huazima fani ya mtafiti na kulitia ombi lake humo. Hapo ndipo mambo huanza kwenda mrama.

Tuanze na mwanzo, na tuupite haraka maana unafanana kila mahali. Pendekezo hufunguliwa kwa ombolezo. Bara lina upungufu wa wanasayansi, nchi ina upungufu wa vifaa, idara ina darubini chache zilizochakaa. Duara hupungua hatua kwa hatua hadi kwenye chumba kimoja, ndipo mwandishi anatokea akiwa na dawa mkononi. Chumvi hutiwa nyingi, na wasomaji wa ruzuku wanajua hivyo. Sina ugomvi na ombolezo. Kila utanzu una fomula yake ya kufungulia, na paukwa pakawa hakuna anayeipeleka mahakamani.

Ugomvi wangu unaanzia katika sehemu ya mbinu. Nimetunga mwenyewe sentensi ifuatayo, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ruzuku ataitambua sauti yake: "Nzi wa matunda watakuzwa katika chupa, majike ambao hawajajamiiana watatengwa, na upandishaji utafanywa na wanafunzi katika wiki ya sita." Vitenzi vikuu ni vitatu, vyote katika kauli ya kutendwa, vyote katika wakati ujao. Kitenzi cha tatu peke yake ndicho kilichopewa mtendaji: wanafunzi. Wao wanatajwa kwa sababu ndio watakaopigwa picha ya ripoti. Kukuza na kutenga vimeachwa hewani, kana kwamba chupa zitajihudumia.

Ingia ndani ya hicho kitenzi cha pili uone kilichofichwa humo. Nzi wa matunda, Drosophila, ndiye mwalimu mkuu wa jenetiki tangu mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan alipomwona dume mwenye macho meupe katika maabara yake New York. Ili zoezi la kupandisha lifaulu, sharti majike wawe hawajakutana na dume. Jike akishaibuka kwenye ganda lake, katika joto la nyuzi 25 hukaa muda wa saa nane hivi kabla ya kukubali dume. Muda huo ukipita huwezi kumwamini tena, kwa kuwa huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia kwa siku kadhaa, na hesabu zote za wanafunzi zitaharibika. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutoa nzi wote wazima kwenye chupa, arudi kabla ya saa nane kuisha, awalaze wale wapya kwa baridi au dawa, kisha awachambue mmoja mmoja chini ya darubini, majike huku na madume kule. Afanye hivyo asubuhi na jioni, siku baada ya siku, hadi wapatikane wa kutosha darasa zima. Mtu huyo ni fundi wa maabara. "Watatengwa" ni neno moja kwenye pendekezo. Kwake yeye ni wiki nzima ya kutoka nyumbani kabla ya jua.

Sasa tazama jedwali la ratiba, zile pau ndefu zinazopangwa kwa miezi. Hiki ndicho kipengele kinachopendwa zaidi katika utanzu huu kwa kuwa kina sura ya uhakika. Kizazi kimoja cha nzi huandikiwa siku 10. Vitabu havisemi uongo: katika nyuzi 25 ni siku 10. Lakini anayeishi Nairobi anaijua Julai yake, wingu halitoki na asubuhi watu wanavaa makoti mazito ndani ya nyumba. Katika nyuzi 18 kizazi hichohicho huchukua siku 19 hivi, karibu maradufu. Maabara isiyo na kabati la joto itafika wiki ya sita ikiwa na chupa zilizojaa mabuu, na wanafunzi wamesimama na vidaftari vyao. Fundi angewaambia haya bila hata kufungua kitabu. Hakuulizwa, kwa sababu fani haina mahali pa kumuuliza.

Na nzi mwenyewe ni mwenyeji wetu. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, ndipo akasambaa duniani akiandamana na watu na matunda yao. Hata leo hahitaji mwaliko kwenye maganda ya ndizi sokoni Kangemi. Wa kuagizwa ni wale wenye macho meupe au mabawa yaliyodumaa. Kwamba anafaa kufundishia Afrika Mashariki si jambo la kubahatisha: shirika la TReND in Africa lilianza kazi mwaka 2011 kwa kozi iliyomtumia nzi huyu huko Ishaka, magharibi mwa Uganda.

Tukija kwenye msuko, pendekezo ni hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho. Tatizo, tendo, suluhisho, miezi 12, tamati. Zoezi la maabara halina msuko wa namna hiyo. Linarudi kila mwaka na wanafunzi wapya, kama mvua za vuli, na ubora wake umo katika kurudi huko. Mwaka wa kwanza kila kitu hukwama: mchanganyiko wa chakula cha nzi unaota ukungu, maelekezo yanaeleweka vibaya, saa tatu za kipindi hazitoshi. Mwaka wa pili hurekebishwa. Zoezi huiva mwaka wa tatu. Ripoti ya mwisho, hata hivyo, inatakiwa mwezi wa 12, wakati zoezi limefanywa mara moja tu na kwa shida. Mhadhiri afanyeje? Hulichukua pendekezo lake, akabadilisha -ta- kuwa -li-, akapeleka. Nzi walikuzwa, majike walitengwa, upandishaji ulifanywa. Kisarufi ripoti hizo hazina kosa.

Fani yenyewe inajua kwamba ina ufa, ndiyo maana ikaongezewa kipengele cha uendelevu. Soma kipengele hicho katika pendekezo lolote ulilo nalo. Mara nyingi ni kifupi kuliko vyote, na lugha yake ni ya mtu anayesinzia: idara itaendeleza mradi, chuo kitatenga fedha, wadau watahamasishwa. Mwandishi aliyekuwa na nambari mpaka kwenye bei ya glavu hapa hana hata moja.

Nikitaka kujua ukweli wa pendekezo, husoma bajeti kwanza. Haina vivumishi, na mpangilio wake unasema kile ambacho nathari imekificha. Juu kabisa hukaa mashine, kwa jina kamili na namba ya toleo. Katikati kuna posho na safari. Chini, ndani ya mstari mmoja unaoitwa "mengineyo", ndimo wanamorundikwa wahusika waliobeba somo lote: rangi ya kupakia slaidi, balbu za darubini, agari, pamba ya kuzibia chupa, mtungi wa gesi. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza Foldscope, darubini ya karatasi ambayo malighafi yake haifiki dola moja. Watu wengi waliona muujiza wa bei. Mimi naona pia kwamba iliihamisha darubini kutoka mstari wa juu wa bajeti hadi ule wa chini, ikawa kitu cha kutumika, kupotea na kubadilishwa. Bajeti chache zimeiga mpangilio huo.

Je, kuna fani nyingine? Ipo, na kila mwalimu wa biolojia Kenya ameishika mkononi. Kabla ya mtihani wa KCSE wa karatasi ya tatu, ile ya vitendo yenye alama 40 na muda wa saa moja na dakika 45, shule hupokea waraka ambao walimu huuita "konfidenshali". Ni orodha kavu: kila mtahiniwa apewe mirija kadhaa ya majaribio, myeyusho wa iodini na kitoneshi chake, myeyusho wa Benedict, njia ya kupashia joto. Hauna ombolezo wala shujaa. Lakini una kitu ambacho pendekezo la ruzuku limekosa, nacho ni msomaji wake halisi: unamwandikia mtu atakayetayarisha. Umemwona, na unajua kwamba asipoelewa mililita ngapi hakuna mtihani.

Amerika Kaskazini kuna chama cha wakufunzi wa maabara za biolojia, ABLE, ambacho hutoa ruzuku ndogo za mazoezi mapya na kila mwaka huchapisha mazoezi yaliyojaribiwa. Fani yao ina sauti mbili. Kwanza huja sehemu ya mwanafunzi, halafu orodha ya vifaa na maelezo kwa mkufunzi: kiasi gani kwa darasa la ukubwa gani, kitayarishwe lini, wapi watu hukosea. Kabla ya kuchapishwa, zoezi hufanywa mbele ya wenzao kwenye mkutano wa mwaka, nao huvaa glavu na kulifanya kama wanafunzi. Sauti ile ya pili ndiyo sauti ya fundi hata pale asipoandika yeye, na naiona ni fani bora kuliko ya pendekezo tulilozoea, kwa sababu inahifadhi ujuzi ambao kwetu huondoka chuoni siku fundi anapostaafu.

Nitaambiwa mfadhili anahitaji malengo, viashiria na ratiba, la sivyo pesa zitaliwa. Sawa, viwepo. Lakini nyinyi mnaotangaza ruzuku za kufundishia, futeni aya ya uendelevu na mahali pake muombe karatasi ya matayarisho: kwa wanafunzi 40, kitu gani, kiasi gani, siku ngapi kabla, na mkononi mwa nani. Ripoti ya mwisho iiteni baada ya zoezi kufanywa mara ya pili. Nawe mhadhiri uliyebakiza siku chache kabla dirisha la maombi kufungwa, shuka kwanza maabara ukamuulize fundi wako nzi huchukua siku ngapi mwezi wa Julai. Kisha umwandike kwenye orodha ya wahusika wa mradi, na saa zake uziwekee mstari wake kwenye bajeti, mbali na "mengineyo".