Kifuniko Kando ya Dereva

Anayetoka Soweto West, Kibera, kwenda mjini hupanda kwa miguu hadi Olympic, ndipo apate matatu. Akikuta viti vimejaa, kondakta humwonyesha nafasi iliyobaki: kando ya dereva, juu ya kifuniko cha injini. Pana mto pale, umevikwa plastiki na kushonwa kwa uzi wa rangi ya bodi. Mto huo una joto. Dereva akikanyaga mafuta, mtetemo hupanda kutoka mapajani hadi kifuani. Nimeketi hapo mara nyingi, na naamini hakuna kiti kinachomfaa zaidi mhakiki wa umbo la matatu.

Wengi huisoma matatu kwa nje, kupitia michoro, taa, jina na muziki. Michoro ina historia nzito. Kanuni za matatu za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, rangi zilifutwa, ukabaki mstari wa manjano. Miaka kumi baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alipoitetea sanaa hiyo, rangi zilirejea barabarani kwa kishindo. Hata hivyo mchoro ni vazi. Umbo lenyewe ni jinsi vitu vitatu vinavyoishi pamoja: chesi, injini na bodi. Na vitatu hivyo, mara nyingi, havikuzaliwa mwaka mmoja.

Ushahidi uko kwenye namba ya gari. Usajili wa KAA ulianza 1989, KBA ukaja 2007, KCA 2014, KDA 2020. Mnairobi huzipima herufi hizo kwa jicho moja, kama msikilizaji wa mashairi anavyonasa kina kilichopotoka. Basi hupita nganya, matatu iliyopambwa, yenye vioo vipya, bodi inayong'aa, viti vinavyonukia gundi, lakini namba yake inaanza na KB. Bodi inataja mwaka huu, namba inataja zaidi ya mwongo mmoja uliopita, na injini ina mwaka wake wa tatu. Pengine ni injini iliyotumika Japani ikanunuliwa kwa wauza vipuri wa Grogan, pengine ni ileile ya kwanza, imefunguliwa yote na kufanywa upya.

Kufanywa upya huko ni kazi ya kuchagua kipi kibaki. Bloku ya chuma hubaki. Slivu, pistoni, ringi na beringi hubadilishwa, hedi husagwa hadi ikae sawa, nozo na pampu ya dizeli hupimwa. Kwingineko wachomeleaji husimamisha mifupa ya mabomba ya mraba juu ya chesi, kisha huivika mabati. Umbo hili halikuingia jana kwa sababu ya uhaba. Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni mwaka 1973, nyingi zilikuwa pikapu zilizozeeka, zikajengewa mabenchi na paa nyuma. Tangu mwanzo, matatu ni nyumba mpya inayojengwa juu ya moyo uliokwisha kupiga mahali pengine. Anayeiita kiraka hajaelewa utanzu wake.

Wamarekani nao walikuwa na utanzu unaofanana na huu, wakauita glaida. Mnunuzi alipata lori jipya, chesi na kabini, lisilo na injini, likatiwa injini ya zamani iliyofanywa upya. Detroit Diesel ya Series 60 ilipendwa sana, kwa kuwa mafundi waliijua na ilitangulia vifaa vya kusafisha moshi vilivyowasumbua madereva. Lori liliuzwa kama jipya, ilhali injini iliendelea kufuata masharti ya enzi yake. Mwaka 2016 shirika la mazingira la nchi hiyo lilitunga kanuni ya kuwawekea watengenezaji wadogo kikomo cha magari 300 kwa mwaka yenye injini za aina hiyo.

Tofauti ya maumbo haya mawili iko kwenye kiungo. Lori la Kimarekani lina boneti ndefu. Injini iko mbele, ng'ambo ya ukuta, na kabini hukaa kana kwamba haihusiani nayo. Isuzu zetu za abiria 33 zimejengwa juu ya chesi ambayo kabini yake huketi juu ya injini. Mjenzi wa bodi hana pa kuisukuma. Hulazimika kuiwekea kifuniko katikati ya watu, kukishonea mto, na kumkalisha abiria juu yake. Sharti hilo limezaa uaminifu, kama mizani inavyomzuia mshairi kupayuka. Rangi inaweza kudai mwaka wowote, lakini anayeketi juu ya kifuniko anaujua umri wa gari kwa mwili wake.

Hapo ndipo sifa zangu zinapokoma. Injini ya dizeli hufanya kazi kwa mapigo manne: huvuta hewa, huibana, huchoma mafuta, hutoa moshi. Ni ubeti wa tarbia, wenye mishororo minne, na wa nne ndio kibwagizo, unaorudiwa ubeti hadi ubeti. Sisi tulio ndani husikia mishororo mitatu. Wa nne hutolewa nyuma, kwa muuza mandazi na kwa mtoto anayengoja kuvuka Kibera Drive akiwa na begi la shule.

Kibwagizo hicho kinasomeka. Moshi mweusi husema mafuta hayateketei yote, kama nozo inapodondosha matone badala ya kunyunyiza ukungu. Moshi wa buluu husema ringi zimechoka, oili inapenya na kuungua. Dizeli yenyewe ilisafishwa zaidi Januari 2015, salfa iliposhushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, lakini dizeli safi haiponyi nozo mbovu. Kwa hiyo mhakiki asimsifu mjenzi aliyemaliza fedha kwenye taa na spika, akairudisha nozo kuukuu mahali pake. Huyo ametunga mishororo mitatu mizuri akaharibu wa mwisho, na wanaoumia ni watu ambao hata nauli hawakulipa. Fundi anayeanza na nozo na ringi, rangi ikasubiri mwezi ujao, ndiye ninayemwita msanii.

Ndiyo maana jioni, nikishuka Olympic, siangalii michoro kwanza. Nasimama nyuma na kungoja gari ling'oke. Juzi ilikuwa KB, bodi mpya ya zambarau. Dereva alitia gia, injini ikanguruma kwa sauti nzito ya kizee, gari likaondoka. Ng'ambo ya barabara nilimwona mama wa mandazi bila pazia la moshi kati yetu, akigeuza karai lake, wala hakuwa ameinua leso kujiziba pua.