Sikio la Fundi

Pale Runingu, kando ya barabara ya taifa namba 5 itokayo Uvira kwenda Bukavu, mzee mmoja alikuwa ameinamia injini ya Peugeot 404, ile ya turubai nyuma. Injini ilikuwa inakohoa. Kijana wake alikwisha kushika spana ili afungue kabureta. "Acha kwanza, mwanangu," mzee akamwambia. "Usifungue kitu ambacho hujakisikiliza." Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Akahama silinda moja hadi nyingine bila haraka yoyote.

Kisha akazima, akafungua buji zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda zake. Ufundi wenyewe uko hapo. Buji ya kahawia hafifu ina moto wa sawa. Nyeusi yenye masizi imekula esansi nyingi kuliko hewa. Nyeupe, hewa imezidi na silinda inaungua. Tatu zilikuwa kahawia. Ya nne ilikuwa imelowa esansi. Mzee akamtazama kijana, akamngojea afikiri. Kabureta ni moja na inalisha silinda zote. Ingekuwa mbovu, zingelalamika zote nne. Basi wakaufuata waya wa ile buji moja, wakakuta ganda limepasuka na moto unavujia kwenye chuma. Kabureta haikuguswa.

Gari la Peugeot 404 lilizaliwa mwaka 1960, nalo lina heshima yake katika ukanda wetu. Lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Lakini sifa ya gari ni sifa ya waliolitunza pia.

Na barabara yetu ilidai mafundi wa kweli. Uvira iko kando ya ziwa, kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Ukishapita Kamanyola unaanza kupanda mlima wa Ngomo, hewa inakuwa nyepesi, na kabureta iliyopimwa ziwani inamwaga esansi kupita kiasi. Gari linatoa moshi mweusi, nguvu zinaisha mlimani. Fundi wa bondeni hakugusa bisibisi kabla ya kumuuliza dereva: "Unaishia wapi leo?" Wa Sange, asiyepanda mlima, alifungiwa hivi, wa Bukavu vile: jeti ndogo zaidi, distribyuta imezungushwa kwa upana wa ukucha ili moto uwahi. Baada ya hapo alisikiliza tena.

Siku hizi neno la kwanza gereji ni "badilisha". Buji zibadilishwe, pampu ibadilishwe, ikishindikana injini nzima ing'olewe. Hata kompyuta inayochomekwa kwenye magari mapya hutoa namba ya kosa tu. Kutoka kwenye namba hadi kwenye waya uliopasuka bado inahitajika akili ya mtu. Vita navyo vimetupunguzia mahali pa kujifunzia ufundi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama mwaka 1996, na mashine zilipoacha kunguruma, kijana angejifunza kusikiliza nini?

Lakini lawama kubwa ni yetu sisi wenye magari. Tunalipia kipuri kwa moyo mkunjufu kwa sababu tumekishika mkononi. Saa nzima ambayo fundi ametumia kusikiliza tunaiona bure, na akitaja bei yake tunanung'unika: "Umefanya nini? Umebadilisha nini?" Kijana aliyesimama pembeni anayasikia hayo. Anaelewa kwamba kufikiri hakulipwi na kung'oa kunalipwa. Ndivyo tunavyomfundisha, kila siku, katika kila gereji toka Uvira hadi Kamanyola, kisha tunauliza mafundi wamekwenda wapi.