Waraka wa Umar kwa Kadhi

Ziko nyaraka fupi zilizodumu kuliko majumba ya wafalme. Mmoja ni ule usemwao kwamba Khalifa Umar bin Al-Khattab, aliyetawala tangu mwaka 634 hata 644, alimpelekea Abu Musa Al-Ashari wa Basra kumwelekeza namna ya kuhukumu.

Sifa yake ya kwanza ni uwazi. Kadhi aagizwa kuwasawazisha wenye shauri katika uso wake, kikao chake na uadilifu wake, ili mkuu asitumaini upendeleo wala mnyonge asikate tamaa. Sisi husema, "Mwenye nguvu mpishe". Lakini mbele ya kadhi huyu methali hiyo haina kiti.

Sifa ya pili ni kwamba kanuni zatangulia shauri. Ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Aombaye muda wa kuleta ushahidi hupewa. Tena kadhi aambiwa asizuiwe na hukumu yake ya jana kuirejea haki aionapo. Hapa pana ushujaa, maana wengi huogopa aibu kuliko dhuluma.

Hata hivyo waraka una upungufu. Haumwagizi kadhi kuandika sababu za hukumu yake. Wamtegemea moyo wake, na moyo hausomeki. Mjane mwenye watoto, apewaye thumni ya mirathi ya mumewe, ana haki ya kujua mali ilihesabiwaje na deni gani lilitolewa kwanza. Leo nchini Kenya asiyeridhika na hukumu ya kadhi aweza kukata rufani Mahakama Kuu. Lakini rufani yatakaje kusikizwa, kama sababu zilibaki kifuani mwa mwamuzi?

Wako walioushuku waraka wenyewe. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliukataa; Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliusherehesha kwa urefu. Kwangu mimi, hata kama kalamu haikuwa ya Umar, thamani yake haipungui, kwa kuwa wamfundisha mwenye mamlaka kwamba yeye naye hutazamwa. Basi, msomaji, usome kwa heshima, kisha uongeze neno moja lililosahauliwa: andika.