Uhakiki wa Fasili ya Sepsisi ya Mwaka 2016 katika Utambuzi wa Sepsisi Itokanayo na Njia ya Mkojo

Fasili ya mwaka 2016, maarufu kama Sepsis-3, inaichukulia sepsisi kuwa ni kuharibika kwa utendaji wa ogani kunakohatarisha maisha, kunakosababishwa na mwili kuitikia maambukizi pasipo mpangilio. (Huko "kukosa mpangilio" kwenyewe hakuna kipimo cha maabara.) Vigezo vya awali vya homa, mapigo ya moyo, upumuaji na seli nyeupe viliwekwa kando, na kwa haki, kwani hata mafua makali yaliweza kuvitimiza. Hata hivyo, kwa maambukizi yaliyoanzia njia ya mkojo, fasili hii inaeleza mgonjwa amefikia wapi bila kueleza ugonjwa umetokea wapi.

Swali hilo la pili ndilo huamua uhai. Jiwe likiziba mrija utokao figoni, mkojo wenye vimelea hukwama kwa shinikizo, dawa ya mshipani haupenyi ipasavyo, na vimelea huvuja hadi kwenye damu. Mgonjwa huyo anahitaji mkojo utolewe upesi, na kinachofichua kizibo ni ultrasaundi inayoonesha figo iliyotanuka. Alama za SOFA haziwezi kukionesha. Tena, kriatinini ya mwenye figo moja hupanda kwa sababu ya kizibo chenyewe, na alama huihesabu vilevile kama athari ya sepsisi.

Kifupisho chake, qSOFA, kinatazama upumuaji wa mara 22 au zaidi kwa dakika, presha ya juu isiyozidi 100, na fahamu iliyobadilika. Kilichotolewa katika kumbukumbu za hospitali 12 za Pennsylvania, Marekani, kwa lengo la kubashiri matokeo mabaya. Kukifanya chombo cha utambuzi ni kukibebesha kazi isiyo yake. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 ulishauri kisitumike peke yake katika uchujaji.

Upande wa pili una mtego wake. Mzee aliyekaa na mpira wa mkojo kwa muda mrefu karibu daima huwa na bakteria mkojoni, hata akiwa mzima. Akiletwa na homa, mkojo huo hulaumiwa haraka, na nimonia au malaria ikaachwa bila kutafutwa. Kimelea kilekile kikiota katika damu na mkojo, ushahidi huwa mzito zaidi. Sampuli zote mbili zichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ya mkojo ikitoka kwenye mpira mpya. Tiba haisubiri majibu, ambayo huchukua siku kadhaa.