Kurunzi na Maswali Yake

Msomaji kijana, bila shaka umesoma tahakiki za mashairi na hadithi, ukaona jinsi mhakiki anavyolipima shairi kwa vina na mizani, na hadithi kwa wahusika na matendo yao. Leo nataka tuhakiki kitu kisichoandikwa kwa wino. Tuihakiki kurunzi, ambayo wengi wetu huiita tochi. Usicheke. Chombo nacho kina mtungaji wake, na kina makosa yasiyoonekana mpaka kitazamwe kwa makini. Tena kosa la shairi humchosha msomaji tu, lakini kosa la kurunzi laweza kumwacha mtu gizani penye shimo.

Kipimo chetu na kiwe kimoja. Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kurunzi haikuundwa kwa ajili ya mchana mweupe wala kwa rafu za dukani. Iliundwa kwa mtu aliye gizani, mwenye haraka, ambaye aghalabu ana mkono mmoja tu ulio wazi. Basi kila sehemu yake tuiulize: je, unamfaa mtu huyo?

Tuanze na asili yake. Tarehe 10 Januari 1899, David Misell, mvumbuzi Mwingereza aliyekuwa akikaa New York, alipewa nchini Marekani hati ya haki ya uvumbuzi wa taa ya mkononi. Ilikuwa bomba la karatasi lenye betri zilizopangwa kwa mstari mmoja, na balbu mbele yake. Betri za siku zile zilikuwa dhaifu, na balbu zenye uzi wa kaboni zilikula umeme mwingi, hata taa haikuweza kuwaka kwa muda mrefu bila kupumzishwa. Ilimulika kidogo, ikazimwa, kisha ikamulika tena. Kwa sababu hiyo Wamarekani waliipa jina lenye maana ya taa ya kumetameta. Likumbuke jina hilo, maana tutalirudia.

Swali la kwanza ni la zamani: kwa nini betri huvuja na kukiharibu chombo kinachozibeba? Mimi nalijua swali hili kwa uchungu. Usiku mmoja, nilipokuwa zamu ya bweni, mwanafunzi alishikwa na tumbo, ikatupasa kumpeleka zahanati. Nilikimbilia kurunzi iliyokuwa kabatini tangu muhula uliotangulia. Niliibonyeza, haikuwaka. Nilipoifungua nikakuta unga mweupe umeganda juu ya springi, na betri zimenata ndani kama zimetiwa gundi. Simu yangu nayo ilikuwa imekwisha chaji. Tulikwenda kwa kupapasa, na kijana yule aliugua kila tulipojikwaa.

Sababu yake ni hii. Betri za bei nafuu, zile tuziitazo mawe, zina kopo la zinki. Kopo hilo halihifadhi dawa iliyo ndani tu, bali lenyewe ndilo upande hasi wa betri, nalo huliwa kadiri umeme unavyotoka. Yaani ukuta wa nyumba ndio kuni za nyumba. Kuni zikiisha, ukuta umetoboka, na majimaji yanayokula chuma yanatiririka nje. Kikulacho ki nguoni mwako! Betri za alkali zina kopo la chuma, na zinki yake ni unga ulio ndani. Lakini nazo zikisahauliwa muda mrefu hufanya gesi, gesi ikasukuma kizibo, zikavuja.

Hatuwezi kumlaumu mtengenezaji kwa kanuni za kemia. Namlaumu kwa kunyamaza. Mwilini mwa kurunzi yangu palikuwa na nafasi ya kuchapa jina lake kwa herufi kubwa, lakini hapakuwa na nafasi ya maneno machache ya kuonya kwamba betri zitolewe kabla ya kurunzi kuwekwa akiba, na kwamba kuukuu zisichanganywe na mpya, kwani iliyo dhaifu husukumwa na zenye nguvu mpaka ikaharibika.

Swali la pili lahusu kurunzi za bati za zamani. Nyingi zilikuwa na balbu ya akiba, iliyofichwa ndani ya kifuniko cha kitako, katikati ya springi. Wazo hilo lilikuwa jema, kwa kuwa uzi wa balbu hukatika bila taarifa. Walakini fikiri, msomaji, jinsi msaada huo ulivyopatikana. Balbu imeungua, nawe u gizani. Yakupasa kufungua kitako, huku ukizuia betri zisikuporomokee; kisha utafute kwa ncha za vidole kitu kilicho kidogo kuliko kokwa ya zambarau; kisha ufungue kichwa, utoe balbu iliyokufa ambayo bado ina moto, na uitie mpya. Je, aliyelibuni jambo hili alikuwa na kurunzi ya pili mkononi?

Hata hivyo, mtu huyo namsifu kuliko ninavyomlaumu. Alikiri kwamba kazi yake yaweza kushindwa, akamwachia mwenye chombo njia ya kujiokoa. Kadhalika namsifu yule aliyeipa kurunzi kichwa chenye pembe ili isibingirike ikiwekwa juu ya meza. Hao walimfikiria mtu wa gizani.

Swali la tatu ni la siku zetu, na ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuvumbua taa za LED za buluu, ambazo ndizo zilizowezesha kupatikana kwa LED nyeupe zenye mwanga mwingi. Balbu hizi hazina uzi wa kukatika, na hula umeme kidogo. Lakini wenye kuziunda wakaweka juu yake kitufe kimoja chenye kazi nyingi. Ukibonyeza mara ya kwanza, mwanga ni mkali; mara ya pili, hafifu; mara ya tatu, taa inawaka na kuzimika upesi upesi hata macho yanauma; ndipo mara ya nne ikazima. Kwa nini mtu anayetaka kuzima taa tu alazimishwe kupita katika vurugu hiyo? Kwa nini mama aliyewasha taa kumtazama mtoto aliyelala aanze kwa mwanga mkali kuliko wote? Taa ya mwaka 1899 ilimetameta kwa udhaifu wake. Ya leo humetameta kwa kuamriwa.

Jibu langu ni kwamba kazi nyingi huhesabika vizuri dukani, nazo huchapwa kwenye boksi. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Na boksi lenyewe lataka kuhakikiwa. Kwa kanuni iliyowekwa Marekani mwaka 2009, ambayo watengenezaji wengi huifuata, umbali unaotajwa ni pale mwanga unapokuwa umepungua kufikia luksi 0.25, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Basi usomapo "mita 200", usidhani utaona vyema mahali hapo. Utaona kama mtu aonavyo kwa mbalamwezi. Saa za kuwaka nazo huhesabiwa mpaka mwanga umebaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Wala kuufikisha mwanga mbali mara mbili si jambo la kuuzidisha mara mbili tu. Yataka ukali mara nne. Tarakimu hizi si za uongo, ila hazisemi kitu kwa asiyejua zilivyopimwa.

Hukumu yangu ni hii. Kurunzi ya leo ni bora mno kuliko ya Misell kwa mwanga, lakini kwa adabu imerudi nyuma, kwa sababu inamhudumia mnunuzi aliye mchana kabla ya mtumiaji aliye usiku.

Usiikubali hukumu hii kwa kuwa mwalimu ameisema. Leo usiku ichukue kurunzi ya nyumbani, ufumbe macho, kisha jaribu kuiwasha, kuizima, na kubadili betri zake kwa kupapasa. Andika kila mahali vidole vyako vilipokosea njia, na ueleze kosa lilikuwa la nani: lako, au la mtungaji.