Pongezi kwa Waokoaji wa Miradi
Msimamizi anayekabidhiwa mradi unaozama anastahili pongezi, kwa kuwa kazi yake ya kwanza si kuongeza fedha wala watu, bali kufanya tathmini, yaani kulinganisha kazi iliyokamilika na ile inayodaiwa kwenye taarifa. HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya Marekani iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 na kuandikisha watu 6 tu siku hiyo, ilinusuriwa na kikosi kilichokutana kila siku kwa kanuni kwamba kikao ni cha kutatua matatizo, si cha kutafuta mchawi. Kufikia Aprili 2014, watu milioni 8 walikuwa wamechagua bima kupitia tovuti hiyo na zile za majimbo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwokoaji huyafichua mapema.